Timu ya madaktari kwa watu wa Rongelap, 1954: tungeanza na nini?

hadubini
Wakuu, naandaa zoezi la mafunzo kwa waganga na mafundi wa maabara. Kisa chenyewe ni Visiwa vya Marshall: bomu la haidrojeni la Bravo, jaribio la Marekani kisiwani Bikini, tarehe 1 Machi 1954. Lilitarajiwa kuwa na nguvu ya kama megatoni 6, likafika 15, na vumbi la mionzi likawaangukia watu 64 wa kisiwa cha Rongelap na 18 waliokuwa kisiwa jirani cha Ailinginae. Watu wa Utirik, kisiwa cha mbali zaidi, walipata kidogo. Waliondolewa Rongelap baada ya kama saa 51, wakapelekwa Kwajalein, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani, na timu ya madaktari ya Dkt. Cronkite ikawakuta huko wiki iliyofuata.

Tuseme wewe ndiye unapanga timu hiyo. Unaanza na nini, unabeba nini, na makosa hujificha wapi? Na dawa za kuua bakteria tuwape wote mapema?

kipimo_na_muda
Anza kwa kuwasafisha, halafu ndiyo uhesabu. Vua nguo zote, ogesha kwa sabuni na maji mengi, pima kwa kipima mionzi, rudia. Nywele ndizo zinazosumbua: Wamarshall walipaka mafuta ya nazi, na vumbi lile jeupe liliganda humo, hivyo kuosha mara moja hakukutosha. Hakikisha maji machafu hayapiti wanapokaa wengine.

Kwa kipimo cha mwili, usitegemee namba moja ya mtambo. Unapima hewani, mita moja juu ya ardhi, kisha unarudi nyuma kwa hesabu hadi saa vumbi lilipoanza kuanguka. Kanuni ya haraka: muda tangu mlipuko ukizidishwa mara 7, mionzi ya vumbi hushuka mara 10. Kilichokuwa 100 saa ya 7 ni kama 10 saa ya 49. Kwa hiyo ukikosea saa chache za mwanzo, jumla nzima inapinda, ila ukikosea siku nzima mwishoni haiharibu sana. Muulize kila mtu vumbi lilianza lini, alikuwa ndani au nje, alioga baharini au la. Makadirio ya wakati ule yalikuwa rad (kipimo cha zamani cha mionzi iliyoingia mwilini; rad 100 ni grei 1) 175 kwa Rongelap, 69 kwa Ailinginae na 14 kwa Utirik.

chembe_sahani
Kwenye damu ndiko timu nyingi zinakoanguka, hasa kwa kukosa kundi la kulinganisha. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha damu cha watu hawa kabla ya mlipuko. Ukichukua viwango vya wazungu vilivyo vitabuni utapotea; eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu), kwa mfano, hupanda penye minyoo hata bila mionzi. Ndiyo maana ilibidi wapimwe watu 117 wa Majuro, kisiwa kingine cha Marshall. Walinganishe kwa umri na jinsia, na watoto wa chini ya miaka 5 uwaweke peke yao, kwa sababu limfosaiti zao (chembe nyeupe nyingine) kwa kawaida ni nyingi.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ndizo zinazoeleza vizuri zaidi. Changanya damu na amonia oksalati ya asilimia 1, sehemu 1 kwa 100, tikisa, jaza chemba (kioo cha kuhesabia chembe kwa hadubini), iache dakika 10 hadi 15 ndani ya kisahani chenye karatasi iliyolowa. Kwenye joto la kisiwa, bila unyevu huo chemba inakauka pembeni na unahesabu upuuzi. Kidole usikikamue: chembe hushikana, hesabu inashuka, na utadhani ni mionzi. Hesabu mara mbili kwa kila mtu, na fundi yuleyule amfuatilie mtu yuleyule.

Ratiba: limfosaiti hushuka siku za mwanzo na kukaa chini. Rongelap chembe sahani zilifika chini kabisa kati ya siku ya 25 na 30, kama theluthi ya kawaida, na nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zikaendelea kuyumba hadi wiki ya sita. Atakayefunga virago siku ya 20 kwa sababu watu "wanaonekana wazima" ataondoka kabla ya hatari.

Dawa za bakteria: hapana kwa wote. Mwaka 1954 hazikugawiwa kama kinga, na sababu bado ina mantiki: zinaficha dalili za maambukizi na kuzalisha vijidudu sugu. Nyutrofili zikiwa chini ya 1,000 kwa mikrolita ya damu, mtu apimwe joto kila siku. Zikishuka chini ya 500 hapo ni suala lingine. Leo tungempa dawa hizo kama kinga, na kwa aliyepata kama grei 2 au zaidi tungefikiria filgrastimu, dawa ya kuchochea nyutrofili.

ngozi_na_tezi
Ngozi hudanganya. Kuwasha na macho kuchoma huja siku mbili za mwanzo, kisha kimya, halafu vidonda vinatokea karibu wiki mbili baadaye: kichwani, shingoni, juu ya nyayo, penye mikunjo. Palipofunikwa na nguo panasalimika. Vidonda vya juujuu vilipakwa kalamini yenye fenoli asilimia 1. Vilivyochimbika vilioshwa kwa sabuni na maji. Nywele ziliota tena.

Lakini hadubini, zoezi lako lisiishie hapo. Iodini ya potasiamu, inayokinga tezi ya thairoidi ya shingoni isinyonye iodini ya mionzi, hufaa kabla au ndani ya saa chache: miligramu 130 kwa mtu mzima, 65 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 12, 32 chini ya miaka 3, na 16 kwa mtoto mchanga. Baada ya saa 51 umechelewa. Mkojo ulichukuliwa kama wiki mbili baada ya mlipuko na kuchanganywa, iodini za mionzi za muda mfupi zikiwa zimeshaoza, na hesabu ya tezi za watoto ikatoka ndogo mno. Chukua mkojo siku ya kwanza, saa 24, chupa ya kila mtu na umri wake. Vinundu vya tezi vilianza kuonekana mwaka 1963, na vikawapata wengi wa waliokuwa chini ya miaka 10. Daftari liandikwe la kudumu miaka 50.

hadubini
Nimeelewa. Na kundi la kulinganisha miaka ya baadaye?

chembe_sahani
Hapo ndipo palipoharibika. Watu walirudishwa Rongelap mwaka 1957, na waliokuwa hawapo siku ya mlipuko ndio wakawa kundi la kulinganisha, huku wakila samaki, nazi na kaa wa kisiwa kilekile chenye sesiamu-137 na stronti-90, mabaki ya mionzi yanayodumu miaka mingi. Unalinganisha walioungua na wanaoendelea kumeza. Isitoshe, orodha ya utafiti ikageuka orodha ya matibabu. Tenganisha mapema: daftari la tiba ni la kila anayeishi hapo, la utafiti ni la aliyeelezwa kwa Kimarshall na akakubali, na mwenye kukataa atibiwe vilevile. Majibu ya damu apewe mwenyewe, kwa lugha yake, kabla hayajasafirishwa.