Elfu 90 imeteketea kwa visu vya "komando". Wauzaji wa mtandaoni, mnatuona mazuzu?

Wakuu, salamu baadaye. Nimekaa na hili jambo muda mrefu sasa, nikajiambia nilale nalo litapoa. Halikupoa. Leo nalitoa hapa, na atakayeona nimezidisha anisamehe.

Mimi kazi yangu ni ya msituni. Nafanya kibarua na timu za kupima miti kwenye miombo ya upande wa Kilosa. Tunaweka ploti, tunapima unene wa kila mti pale mita 1.3 kutoka ardhini, tunaandika, tunasogea. Kambi inakaa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Panga ninalo, kila mtu kwenye timu analo, kwa hiyo msianze na "dogo nunua panga". Panga linafungua njia. Lakini jaribu kumenya vitunguu kwa panga, au kuchonga vigingi vya hema, au kutoa utumbo wa kuku saa mbili usiku tochi ikiwa mdomoni. Hapo mtu anahitaji kisu. Kisu kisichokunjwa, chenye ala, kinachokaa kiunoni, bapa lake sentimita kumi hivi. Basi. Sina mpango wa kupigana na simba.

Bajeti yangu ilikuwa elfu 40. Najua kuna watu humu hiyo inaisha Ijumaa jioni kabla nyama haijaiva. Kwangu mimi ni karibu siku tatu za kuhesabu mitundu na mininga huku mbung'o wananifaidi.

Nikaingia Instagram. Kosa la kwanza.

Kuna ukurasa mmoja wa vifaa vya kambi, siutaji, picha zake utadhani ni jeshi la nchi fulani. Nikaona kisu kirefu, mgongo una meno ya msumeno, mpini wa mviringo, mwishoni pana kifuniko chenye dira. Ukikifungua, ndani ya mpini mna ndoano za samaki, uzi, viberiti. Maelezo: "Kisu cha komando, chuma orijino, kinapasua chochote." Bei? "Njoo inboksi." Nikaenda inboksi kama mwanakondoo. Elfu 35, na elfu 7 ya kunitumia kwa basi.

Siku ya tatu kambini nikakiweka juu ya kipande cha kuni kikavu, unene wa mkono wa mtoto, nikagonga mgongo wa kisu kwa gongo. Watu wa porini mnajua, ndivyo tunavyopata vijiti vya kuwashia moto mvua ikiwa imelowesha kila kitu. Pigo la nne bapa likabaki kwenye kuni na mpini ukabaki mkononi mwangu. Nikachungulia ndani ya ule mpini. Wakuu, msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba changu! Kijiti cha chuma chembamba, kimeshikiliwa na nati moja. Yaani kisu chote, pamoja na makeke yake ya msumeno, kilikuwa kinaning'inia kwenye nati. Mpini wenyewe ni bomba tupu, maana bila kuwa tupu hizo ndoano zingekaa wapi? Na ile dira ilikuwa inaonyesha kaskazini iko kwenye sufuria.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Bosi, kile si cha kupasulia kuni." Nikamuuliza, sasa komando wako anakitumia kufanya nini, kuvulia sato? Akakata simu. Jioni nikakuta amenizuia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikarudi mjini nikiwa na uchungu wa kuthibitisha kwamba kisu kizuri kipo. Nikapata mwingine, huyu anajiita mtaalamu, anauza "Damaski halisi, kimefuliwa kwa mkono, tabaka mia kadhaa". Kweli kilipendeza. Bapa limejaa mawimbi kama maji ya mto, mpini wa mbao, ala ya ngozi. Elfu 48. Nikakopa elfu 10 kwa bwana mdogo wangu, mpaka leo ananiangalia jicho la deni.

Asubuhi ya pili nimekatia ndimu, nikakiosha, nikasugua na waya wa sufuria kwa sababu utomvu ulikuwa umeganda. Mawimbi yakaanza kuondoka. Nikasugua tena kwa hasira, yakaisha yote upande mmoja. Chini yake chuma cheupe kitupu kama kijiko. Damaski ya kweli ni vyuma viwili tofauti vilivyokunjwa na kufuliwa pamoja, kisha vikatiwa asidi ili tofauti ionekane. Ukiisugua mpaka michoro ififie, unarudishia asidi na inatokea tena, kwa sababu imo ndani ya chuma. Yangu ilikuwa imechorwa juu kama tattoo ya bandia ya sikukuu.

Halafu nikafanya kitu ambacho ningekifanya kabla sijatoa hela. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaigusisha kwenye bapa. Haikunasa. Hapo nilikaa chini. Wapo wanaoamini chuma kisichonaswa na sumaku ndiyo stenlesi bora. Kwa sufuria na vijiko, sawa. Chuma cha kisu lazima kikomazwe kwa moto, yaani kipashwe na kupozwa haraka kiwe kigumu, na stenlesi zinazokomaa kwa moto sumaku inazinasa. Kisichonasa ni chuma cha vijiko, utakinoa asubuhi na saa nne kiko butu. Nikaleta tupa, nikapitisha taratibu karibu na mpini. Tupa iliuma chuma kama inakula sabuni. Kisu kilichokomazwa vizuri, tupa inateleza juu yake, unasikia kabisa ule mlio wa kioo.

Muuzaji wa pili angalau hakunizuia. Aliniandikia: "Kaka, hiyo ni ya mapambo, wateja wangu wengi wanaweka sebuleni." Sebuleni! Kwenye tangazo lake kuna picha ya mtu amekivaa kiunoni anapanda mlima.

Nikaanza kuwahoji wauzaji wote kabla ya kununua, nikawa kero kwenye inboksi za watu. Mazungumzo yenyewe yako hivi. Nauliza: chuma gani? "Cha Ujerumani." Cha Ujerumani kipi? "Cha Ujerumani kaka, orijino." Unene wa bapa milimita ngapi? "Kinene bosi." Msuka unafika wapi ndani ya mpini? Kimya. Baadaye: "Unanunua au hununui?" Mmoja nilimwomba aje na kisu tukutane na tupa yangu, akaniita mchawi.

Na sisemi vyuma vya bei rahisi ni dhambi. Kisu kimeandikwa 3Cr13, hiyo ni lugha ya Wachina: 3 ya mwanzo inakuambia kaboni ni karibu asilimia 0.3, na 13 ni kromi asilimia 13. Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kukomaa, kromi inazuia kutu. Kwa hiyo hicho ni kisu kisichopata kutu haraka lakini utakuwa unakinoa kila siku. Uza elfu 12, useme ukweli, nitanunua na kinoo juu. Ninachokataa ni kukiuza elfu 48 na hadithi za Damaski.

Sasa, najua wajuzi mnakuja. "Mkuu ungenunua Mora." Nashukuru, namjua Mora. Morakniv ya Sweden, ile Companion, bapa sentimita 10.4, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki isiyo na sura. Huko Ulaya na Marekani ni kisu cha dola 15 hadi 20, wakulima na maseremala wananunua bila kufikiri. Na tena msuka wake haufiki mwisho wa mpini, lakini ni mpana, umeshikwa na plastiki pande zote, na unavumilia kazi. Kwa hiyo hata wale mnaokariri kwamba msuka lazima utokee nyuma ya mpini, punguzeni kidogo. Tatizo langu ni kwamba hapa nimeambiwa laki na nusu. Laki na nusu kwa kisu cha dola 20! Nikiuliza kwa nini, "ushuru kaka, usafiri kaka". Kisu chenyewe na ala yake havifiki robo kilo.

Kundi la pili ni la wale wa "weka akiba ununue cha laki nne, utarithisha wajukuu". Wajukuu wangu wajinunulie. Mimi nina kambi tarehe 12.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa kufua chuma pale Morogoro, wa majembe na shoka. Nilimpelekea kipande cha springi ya gari kutoka kwa wauza chuma chakavu. Akacheka picha zangu za Instagram mpaka akakohoa. Akanifulia kisu kwa elfu 15, msuka mpana kama bapa lenyewe mpaka mwisho, vibao viwili vya mninga vimeshikwa na ribiti tatu. Sifa zake nazitoa, lakini na huyu sikosi la kusema, maana hata mafundi wetu mnatuangusha palepale. Cha kwanza, wakati wa kukikomaza, alikichovya kwenye maji kikiwa chekundu. Chuma cha springi hakipendi maji, kinapoa kwa mshtuko, na kweli kilipata ufa mwembamba kama unywele karibu na ncha. Nikamwomba afue kingine, akichovye kwenye oili chafu iliyopashwa moto kidogo. Akarudia, bure, huku ananung'unika kwamba vijana wa siku hizi tunasoma sana.

Halafu kuna ile hatua ambayo wengi wanairuka. Kisu kikishachovywa kinakuwa kigumu kama kioo, ukikiangusha kinavunjika. Lazima kipashwe tena moto wa wastani kilegee kidogo. Nilikiosha kwa sabuni mara tatu, nikampelekea dada mmoja jirani anayeoka keki, nikambembeleza anipe oveni yake kwa nyuzi 200, saa mbili. Alikubali kwa sharti kwamba likitokea keki linalonuka oili nalilipa mimi.

Tena mkienda kwa fundi, msimamieni kwenye grenda. Akisaga bila kupoza, makali yanapata rangi ya bluu, na ikishatokea hiyo bluu jua pale chuma kimeshalegea. Mwambie awe anachovya kwenye ndoo ya maji kila baada ya mpito mmoja au miwili. Atakuona msumbufu. Vumilia.

Kisu hiki ni kibaya wa sura, sifichi. Kina madoa, upande mmoja umekaa mnene kuliko mwingine, nikikisahau na unyevu usiku mmoja kinaota kutu, kwa hiyo nakipaka mafuta ya alizeti kama mtoto mchanga. Ala nimeshona mwenyewe kwa ngozi ya mkoba wa mtumba. Kimemaliza kambi mbili. Kimepasua kuni, kimechuna mbuzi mmoja, kimekata kamba sijui mita ngapi, na tupa bado inateleza.

Kwa hiyo elfu 90 kwa vitu viwili vya takataka, na elfu 15 kwa kitu kinachofanya kazi. Naomba mtu anieleze hii biashara inaendeleaje, kwa sababu kurasa zote mbili bado zipo na wafuasi wanaongezeka. Chini ya picha ya kile kisu cha bomba juzi nimekuta kijana anauliza "kinafaa kwa skauti?" Nikamwandikia asinunue. Maoni yangu yakafutwa ndani ya dakika tano.

Mwenye hasara kama yangu aweke picha ya msuka hapa chini, tuuone. Na kama humu kuna muuzaji mwenye visu vya kweli chini ya elfu 50, sitaki inboksi. Andika hapahapa bei, aina ya chuma na unene wa bapa. Niko Morogoro mpaka tarehe 10, nitakuja na hela taslimu, sumaku na tupa.