Mjadala: Ukumbi wa vijana Lamu, uwekewe gemu ya mpira au ya theluji?

Hoja iliyozuka mtaani ni hii: ukumbi ukipata runinga moja na mashine moja, diski ya kwanza iwe ya mpira, ambayo kila mtu aitaka, au ya kuteleza kwa ubao kwenye theluji, mathalani SSX Tricky ya PlayStation 2 (PS2)? Wenye kujua waseme. Matusi yabaki nje.

MwanaLangoni: Theluji. Pedi za kuchezea ni mbili na watoto ni ishirini. Mpira wa nusu ya dakika 6 ni dakika 12. Ongeza kuchagua timu, marudio ya mabao na penalti wakitoka sare, robo saa imekwenda na waliocheza ni wawili. Mteremko mmoja wa SSX huisha kwa dakika 3 au 4. Kwa saa mbili za jioni mpira ni zamu 8. Theluji hazipungui 24, hata ukihesabu kupokezana pedi.

Shela_Kwetu: Kaka, hesabu yako yavunjika kirahisi: weka nusu ya dakika 3. Na huyo mtoto wa theluji ataanguka mteremko mzima. Mpira aujua kabla hajashika pedi. Isitoshe, theluji na Lamu wapi na wapi?

MwanaLangoni: Theluji iko Mlima Kenya, dada. Na Philip Boit aliivalia skii akiiwakilisha Kenya kule Nagano mwaka 1998, michezo ileile ambayo ubao wa theluji uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Kuanguka kuna sababu, na karibu kila mara ni ileile. Mgeni hubonyeza X, kifungo cha kurukia, akiwa tayari hewani. X hushikwa kabla ya ukingo na kuachiwa ukingoni. Ukitaka kuzunguka, elekeza mshale upande mmoja X ikiwa bado imeshikwa, mchezaji ajipinde, ndipo uachie. Hewani shika L1, L2, R1 au R2, vifungo vya mbele ya pedi, kila kimoja na mshiko wake wa ubao. Uachie kabla ya kutua! Anayetua mkono ungali kwenye ubao huanguka, na akiba ya kasi humpungukia. Akiba hiyo, ile ya kifungo cha mraba, ndiyo roho ya gemu: ikijaa hufungua miondoko mikubwa. Kila mmoja ukitua salama hukupa herufi ya neno TRICKY, na zikitimia sita kasi haiishi tena. Mtoto akielezwa hivi, mteremko wa tatu anaruka.

FundiWaMkomani: Mnabishana diski, mashine hamjaitazama. Kwanza, msikimbilie gemu mpya. SSX ya 2012 haigawanyi skrini, yaani wawili hawawezi kucheza pamoja kwenye runinga moja. Riders Republic ya 2021 haigawanyi pia, na bila intaneti haichezeki. Kwa ukumbi wa pedi mbili hizo hazifai kitu. Katika hilo namuunga mkono MwanaLangoni: ya zamani.

Pili, umeme. PS2 nene iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 zetu bila transfoma ya kushusha, sapulai inaungua papo hapo. Nyembamba nyingi hutumia adapta ya nje inayotoa volti 8.5, kwa hiyo soma kibandiko cha adapta kwanza; toleo la mwisho (SCPH-9000x) lina sapulai ndani, soma kibandiko cha mashine yenyewe. Matumizi yasiwatishe: mashine na runinga ya inchi 32 ni kama wati 100 pamoja, saa tatu ni uniti 0.3.

Tatu, chumvi. Hapa ndipo PS2 nyingi hufia. Unyevu wa bahari hutanda kwenye lenzi, mashine hugoma kusoma diski, mwenyewe akadhani diski ni mbovu akanunua nyingine. Pangusa lenzi kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, taratibu, bila kukandamiza. Marashi hapana (wapo wayatumiao, tunawaona). Usiku iwekwe ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Shela_Kwetu: Hayo yote yanahusu mpira pia, shekhe. Mashine ni ileile.

FundiWaMkomani: Si sawasawa. Runinga bapa huchelewesha picha ya waya wa njano, mwekundu na mweupe. Kwenye mpira ucheleweshaji mdogo husameheka. Kwenye theluji unaachia X ukingoni, mruko unakuja ukingo umeshapita, mchezaji anadondoka kama nazi. Washeni hali ya gemu kwenye runinga, au tafuteni ile ya zamani yenye kisogo.

Mama_Zamu: Na sauti? Ukumbi uko karibu na msikiti.

MwanaLangoni: Muziki unashushwa hadi sifuri kwenye mipangilio, mlio wa ubao ukabaki. Wakati wa adhana runinga inazimwa sauti, basi.

Shela_Kwetu: Moja mmeliruka. Njia nyingi za SSX zimefungwa hadi mtu ashinde medali, na medali hukaa kwenye kadi ya MB 8. Kadi ikipotea, mnaanza upya. Mpira hauhitaji kadi. Hiyo kadi itakaa kwa nani?