Naomba ushauri: maigizo ambayo mtazamaji hujipangia kiingilio

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Kikundi chetu kidogo cha maigizo kimeacha kutoza kiingilio maalumu, na katika maonyesho 6 yaliyopita kila mtazamaji amelipa kiasi alichotaka. Ukumbi uliokuwa nusu tupu sasa unajaa, ila mapato hayatoshi hata kukodi taa.

Tulianza kupokea malipo mlangoni kabla ya onyesho, tukaona watu wanatoa kidogo, pengine kwa sababu ni vigumu kukadiria thamani ya kitu ambacho mtu hajakiona. Tukahamishia sanduku kwenye njia ya kutokea, na hapo waliotoa walitoa zaidi, lakini wengi walipita wakitazama pembeni; nami siwalaumu, kwani kutoa kidogo mbele ya macho ya watu huaibisha kuliko kutotoa kabisa. Mwishowe tulibandika bei tunayopendekeza: waliokuwa wakitoa kidogo walipanda kuifikia, ila wakarimu wetu nao wakashuka hadi hapo hapo.

Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha jaribio ambamo wanunuzi wa picha, walipoambiwa kwamba nusu ya fedha ingekwenda kusaidia wenye shida, walijipangia bei kubwa zaidi, lakini sisi hatuna nusu ya kugawa.

Je, kwa uzoefu wenu, kupendekeza bei 3 badala ya moja huwarudisha wakarimu bila kuwafukuza wenye kipato kidogo? Na kumweleza mtazamaji gharama halisi ya kiti chake humshawishi, au humfanya ajione anadaiwa?