Naombeni ushauri: wiki tano ndani ya karavani kuzunguka kisiwa cha Newfoundland

Mwana_wa_Nahodha:
Wakuu habari zenu. Niko Hamilton, Ontario, mwaka wa 11 sasa. Mwezi wa 5 nataka kuchukua familia tukazunguke kisiwa cha Newfoundland, huku mashariki ya Kanada, kwa karavani, ile ya injini yenye vitanda na jiko ndani. Tuko wanne, mimi, wife, binti yetu wa miaka 9 na baba yangu mzazi. Tutaruka mpaka Halifax tukodi pale, halafu feri kutoka North Sydney, tunaingilia Argentia tarehe 26 mwezi wa 5 tunakaa wiki tano. Tunataka tuone milima ya barafu ikielea Twillingate, mbuga ya Gros Morne, na kule juu kaskazini L'Anse aux Meadows. Bado tunapanga. Maswali yangu: karavani ya futi 25 inabeba mzigo kiasi gani ukiacha watu? Na kempu zenye umeme kila usiku zinapatikana au kuna sehemu zinakata? Aliyewahi kwenda anisaidie tafadhali maana silali.

Dereva_wa_Mbali:
Mkuu umefika kwangu. Nimepeleka mzigo St. John's miaka minne. Kitu cha kwanza ni muusi, wale wanyama wakubwa kama ng'ombe dume aliyesimama kwenye fito. Kisiwani hawakuwepo kabisa, waliletwa wanne mwaka 1904 wakaachiwa pale Howley, leo wamepita laki moja. Miguu mirefu, ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo. Jua likizama paki, usinibishie. Nilikuwa napita karibu na Gander saa tano usiku mvua inanyesha nikaona kitu cheusi nikadhani ni kivuli cha mti, kumbe mti una macho. Nilisimama mita tatu tu mbele yake, nikazima gari nikakaa nusu saa natetemeka, nikampigia mama Kahama kumwambia nampenda, kule ilikuwa asubuhi akaniuliza umelewa?

Bi_Mkunde:
Umeme wa nini kila usiku? Sisi mwaka juzi tulilala bure kwenye mashimo ya changarawe pembeni ya barabara, kule ni kawaida kabisa, watu wa kisiwa wenyewe ndio hufanya hivyo. Betri inatosha taa na pampu ya maji, gesi inapika na kupasha joto. Tulikaa siku tisa bila kuchomeka waya. Okoa hela zako ule kaa na chewa.

Mzee_wa_Brampton:
Hivi huko si ndiko saa yao inazidi kwa nusu? Wenzao saa kamili wao na nusu. Sasa mtu wa saa za Kiswahili akifika pale atajumlisha ngapi jamani.

Dereva_wa_Mbali:
Ndiyo mzee, nusu saa mbele ya Halifax. Usicheke, kuna jamaa aliachwa na feri kwa hiyo nusu saa.

Mwana_wa_Nahodha:
Nashukuru wote. Bi Mkunde mashimo ya changarawe kwangu hapana, lazima umeme. Na sijajibiwa mzigo. Nina kama kilo mia nne za maboksi.

Kidawa_Halifax:
Kaka samahani nikuulize. Mimi ni nesi huku Halifax. Kilo mia nne za maboksi, umeme kila usiku, na baba mtu mzima. Ni maboksi ya nini?

Mwana_wa_Nahodha:
Ni vitu vya familia tu dada.

Kidawa_Halifax:
Sawa. Ila kama ni ninachofikiria, ushauri wote uliopewa hapo juu haukuhusu, na wa kulala shimoni unaweza kukuumizia mzee. Useme usiseme ni wewe.

Mwana_wa_Nahodha:
Haya. Nilikuwa sitaki kusema kwa sababu kila ninayemwambia ananijia juu. Baba figo zimeshindwa kazi. Anasafishwa kupitia tumboni, ile ya mashine ya usiku, anaunganishwa saa tatu usiku mpaka alfajiri. Maboksi ni maji ya dawa, lita 12 kwa usiku, mara siku 35 ni lita 420, kilo zake ni hizo hizo 420. Na niseme lote, hatupangi tena, nimeshalipa feri na nusu ya karavani. Sikukurupuka lakini. Hoteli ndizo zinanishinda, kila siku nishushe maboksi nipandishe maboksi, nisafishe chumba ambacho sijui nani alilala. Karavani ni chumba chake mwenyewe kinachotembea, kitanda chake, mashine haiondoki mezani. Baba alikuwa nahodha wa jahazi Pemba, Mkoani, miaka 30 na kitu. Tangu aje hapa anakaa dirishani anaangalia maegesho ya magari. Aliona barafu ya baharini kwenye simu ya mjukuu wake akasema hiyo nataka kuiona kwa macho. Hajaniomba kitu kingine tangu mama afariki.

Ustadh_Mpole:
Pole sana ndugu yangu. Ila mzazi mgonjwa ni wa kutulizwa, si wa kuzungushwa porini. Pesa hiyo ungempeleka Umra akamwabudu Mola wake, au ungemrudisha Pemba akaone ndugu. Barafu itamsaidia nini?

Mwana_wa_Nahodha:
Umra nilikwenda naye 2019 alhamdulillah, kabla hajaanza mashine. Pemba ndiko anakotaka kwenda kuliko kote na ndiko daktari alikomkatalia. Newfoundland yuko ndani ya Kanada, kadi yake ya afya anayo mfukoni.

Bi_Mkunde:
Ungesema mapema! Nafuta maneno yangu ya mashimo. Marehemu mama yangu alikuwa anasafishwa ile ya damu, mara tatu kwa wiki, saa nne nne kwenye kiti. Alikuwa anapenda kusafiri, tukawa tunamwambia subiri upate nafuu. Alisubiri miaka mitatu. Mpeleke.

Kidawa_Halifax:
Sasa tuzungumze. Usipakie kilo 420. Piga simu kwa wanaomletea maji ya dawa, waambie tarehe na mahali, wanataka taarifa wiki nyingi kabla lakini wanapeleka. Ya kuanzia uyapokee Halifax, mengine Corner Brook, mengine St. John's. Halafu angalia kibandiko cha uzito karibu na mlango wa dereva, kina kikomo cha watu na mizigo pamoja, na ukijaza tenki la maji, kila lita ni kilo nyingine.
Pili umeme. Umeme ukikatika hafi mtu, ila lazima ajue kubadilisha kwa mkono, mfuko unaning'inia juu na mwingine chini, bila mashine. Wewe na mkeo mfundishwe wote wawili kabla ya safari, timu yake ya figo wanafundisha. Kempu nyingi za mbuga hazina umeme kila kiwanja, ukiandika nafasi chagua chenye waya.
Tatu usafi. Wakati wa kuunganisha zima feni ya hita, funga madirisha, barakoa kila mtu, binti akae kitandani kwake. Karavani ni ndogo na feni inarusha vumbi. Maji yanayotoka yakiwa na ukungu, au tumbo likimuuma, hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri asubuhi. Corner Brook ipo, St. Anthony ipo, Gander ipo. Na bima ya safari ukate, hospitali watapokea kadi ya Ontario lakini ambulansi utalipa mwenyewe.

Mwana_wa_Nahodha:
Dada Mungu akubariki. Hiyo ya feni hakuna aliyewahi kuniambia. Ila kupunguza siku siwezi, nimeshalipa.

Kidawa_Halifax:
Sijasema upunguze. Umesema wewe.

MpimaChai:
Naomba nivunje kikao. Huyu anasema feri anaingilia Argentia tarehe 26 mwezi wa 5. Nimefanya kazi North Sydney, njia ya Argentia ni ya kiangazi, hufunguliwa mwezi wa 6. Mwezi wa 5 ni Port aux Basques tu. Sasa tiketi kalipa ya meli gani? Mwanzo anapanga, mara kalipa. Mwanzo vitu vya familia, mara figo, mara nahodha, mara mama kafariki. Wakuu hii chai, tena ya tangawizi. Kesho ataweka namba ya kuchangia.

Mzee_wa_Brampton:
Duh. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Dereva_wa_Mbali:
Kwenye feri kasema kweli huyu. Mkuu jibu.

Mwana_wa_Nahodha:
Sijaomba hata senti na sitaomba. Nimefungua tiketi sasa hivi naisoma. Kwenda ni Port aux Basques usiku wa tarehe 26 mwezi wa 5. Argentia ni ya kurudi, tarehe 30 mwezi wa 6. Nilichanganya mwanzo na mwisho. Naandika saa nane usiku nikisikia mashine ya baba ukutani, nikikosea jina la bandari mnisamehe.

MpimaChai:
Rahisi kusema. Mimi kwetu Mkoani, babu alikuwa na jahazi. Kama mzee ni nahodha muulize, mlingoti mdogo wa nyuma unaitwaje, na ule mti unaobeba tanga.

Kidawa_Halifax:
Jamani mtu anatahiniwa kwa ugonjwa wa baba yake.

Mwana_wa_Nahodha:
Nimemsubiri aamke. Nimemsomea. Amecheka, sijamsikia akicheka hivyo muda. Anasema, "Mwambie kijana mlingoti wa nyuma ni galme, mti ni foromali, na mwulize yeye babu yake alikuwa akitoka Mkoani kwenda Tanga na upepo gani, asitupime asichokijua." Halafu akaomba nimsomee uzi wote tangu mwanzo. Nikamsomea, hata ya Ustadh. Kasema Ustadh ana haki ya kusema.

MpimaChai:
Galme na foromali ni sawa. Bado tarehe ilinitia shaka na nilikuwa na haki ya kuuliza. Mpe salamu mzee, mwambie babu alikuwa akingoja upepo utulie, zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza.

Dereva_wa_Mbali:
Basi kama mnashukia Port aux Basques nisikilizeni, hili ni zito kuliko muusi. Mkitoka bandarini dakika chache mnafika mahali panaitwa Wreckhouse. Upepo wa kusini mashariki unashuka kwenye ile milima na kupiga barabara kwa ubavu, zamani uliangusha mabehewa ya treni kwenye reli. Kulikuwa na mzee mmoja anaishi pale, Lauchie MacDougall, shirika la reli lilikuwa linamlipa awe ananusa upepo na kuwaambia treni zipite au zisipite. Malori yanaanguka mpaka leo. Karavani ni boksi refu jepesi, upepo utalisukuma kama turubai. Angalieni utabiri mkiwa bado melini, wakisema mbaya laleni pale pale mjini hata siku mbili.
Na melini hawaruhusu mtu kubaki kwenye gari wala kushuka kulichukua kitu katikati ya safari. Mashine na maji ya usiku huo pandeni navyo, na kabini mwandike mapema. Argentia ni kama saa 16, usiku mzima mzee atakuwa humo.

Mwana_wa_Nahodha:
Kabini sikuandika. Nilifikiri tutakaa kwenye viti tu, yale masaa saba ya kwenda. Naandika leo.

Bi_Mkunde:
Na kule juu L'Anse aux Meadows je? Kutoka Deer Lake mpaka St. Anthony, mji wa jirani na pale, ni zaidi ya kilomita 400, kwenda tu, na mtarudi njia hiyo hiyo.

Mwana_wa_Nahodha:
Pale sipaachi. Ndipo waliposhukia wale mabaharia wa Greenland, Waviking, miaka elfu moja iliyopita, wataalamu wamepima mbao walizozikata wakapata mwaka 1021. Baba kaniuliza vyombo vyao vilikuwa na matanga mangapi, nikamwambia moja, akasema "na bahari ile?" akanyamaza. Nitaacha Bonavista, kule mashariki.

Kidawa_Halifax:
Acha Bonavista. Na kila siku ya nne msiendeshe kabisa, apumzike.

Ustadh_Mpole:
Nimesoma tena. Nilisema haraka, mzee anisamehe. Huko kibla kitakuwa upande gani?

Mwana_wa_Nahodha:
Mashariki kidogo na kaskazini Ustadh, binti ana programu kwenye simu. Wakuu sasa hivi: kabini mbili nimepata, za kwenda na kurudi. Wa maji ya dawa wamesema Corner Brook na St. John's wanaweza, Halifax wananijibu Jumatatu. Darasa la kubadilisha kwa mkono ni Alhamisi ijayo, mimi na wife. Nimemsomea baba habari za Wreckhouse. Kaniuliza upepo unatoka wapi, nikamwambia kusini mashariki. Kasema, "Basi hiyo ni kusi, tunajuana." Ameniambia siku ya kushuka melini atakaa mbele, kiti cha pembeni ya dereva, na akisema tusitoke hatutoki. Dereva naomba unitajie sehemu ya kupaki pale Port aux Basques yenye umeme, isiwe mbali na bandari.