Naomba ushauri: podikasti yetu ya magemu inataka kwaya iimbe mubashara

Habari zenu wakuu. Mimi na mshikaji wangu tuna podikasti ya magemu, tunarekodi chumbani, godoro limeegemezwa ukutani kukata mwangwi. Sasa tunataka kufanya kipindi kimoja mbele ya watu, na muziki wa gemu upigwe palepale.

Tumechagua "Baba Yetu" ya Christopher Tin, ule wimbo unaokupokea ukifungua Civilization IV ya 2005. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili kabisa, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Wenzetu nje wanaupiga na okestra nzima, sisi wenye lugha tunausikilizia YouTube! Kuna kwaya ya vijana hapa Dar imekubali. Kinanda kipo, ngoma zipo.

Kinachonisumbua ni haki. Tukiimba wenyewe hatutumii rekodi ya mtu, sawa, lakini utunzi bado ni wake. Je, kibali cha kuimba ukumbini kinatosha, au kuurusha kwenye podikasti kunadai kingine? Nianzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au niwaandikie wachapishaji wa nota moja kwa moja? Tena mwalimu wa kwaya anataka tununue nakala moja ya nota halafu tutoe fotokopi, mimi nasita.

Halafu sauti. Tuna maiki mbili tu za kuongelea, waimbaji ni kama ishirini, na ukumbi una mwangwi balaa. Maiki niziweke wapi? Aliyewahi kurekodi kwaya anisaidie.