Eleveta inapanda vizuri lakini inashuka nusu: sevo au waya?

bawa_pana
Wadau, naunda ndege ndogo ya rimoti ya mazoezi, ya fomu (povu gumu), mabawa sm 120. Sevo (mota ndogo inayovuta na kusukuma waya) ni ya gramu 9, ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, na kutoka hapo hadi eleveta, kile kibao cha mkiani kinachopanda na kushuka, ni sm 40. Waya ni wa mm 1, uko wazi. Nikivuta stiki eleveta inapanda sawasawa. Nikisukuma inashuka nusu. Tena katikati inacheza kama mm 3. Nitafute sevo yenye nguvu zaidi?

fundi_waya
Sevo iache, haina kosa. Bila shaka pembe ya eleveta (kile kipande chenye matundu kinachoshika waya) umeiweka upande wa juu, kwa hiyo kupanda ni kuvuta na kushuka ni kusukuma. Waya mwembamba ukivutwa hunyooka, ukisukumwa hupinda kama upinde, na mwendo unaishia hapo. Toa propela, washa, kisha bonyeza eleveta kwa kidole huku ukiutazama waya. Utauona ukipinda.

Upitishe kwenye mrija wa plastiki uliogundishwa mwilini kila baada ya sm 8 hivi. La sivyo, chukua kijiti cha mshikaki cha sm 30. Kila ncha toboa tundu dogo sm 3 kutoka mwisho, kunja waya wa mm 1.2 uingie humo, funga uzi kwa kubana, loweka supagluu. Waya utokeze sm 5 kila upande. Spoki ya baiskeli ni ngumu, ndiyo, lakini haifiki sm 40, na kwa unene wa mm 2 utalazimika kutanua tundu la mkono wa sevo hadi plastiki ikaribie kupasuka.

mkia_sawa
Naongeza kuhusu huko kucheza. Waya umeingia tundu gani?

bawa_pana
La nje kabisa kwenye sevo, la ndani kwenye pembe. Nilitaka mwendo mkubwa.

mkia_sawa
Basi geuza: la ndani kwenye sevo, la nje kwenye pembe. Mkono wa mm 8 na pembe ya mm 16: sevo ikizunguka nyuzi 45, eleveta inapata kama nyuzi 20, zinatosha ndege ya mazoezi. Na uchezaji wa sevo unafika kwenye eleveta ukiwa nusu. Ulivyofunga sasa unauzidisha, na kwa kasi eleveta itaanza kutetemeka hadi bawaba ing'oke.

Matundu ya pembe yakae juu ya mstari wa bawaba kabisa. Trimu (marekebisho madogo ya rimoti) ziwe sifuri ndipo ufunge mkono, nyuzi 90 na waya. Meno ya mhimili wa sevo yakikataa, jaribu ncha nyingine za mkono wa ncha nne. Meno mara nyingi ni 21, hayagawanyiki kwa nne, kwa hiyo kila ncha hukaa tofauti kidogo. Skrubu ya mkono usiisahau!

Tundu lililotanuka: tone la supagluu, likauke, toboa upya kwa keekee ya mm 1.2. Si kwa ncha ya kisu, kisu huacha tundu la pembe tatu.

bawa_pana
Asante sana. Na sevo inayonguruma stiki ikiwa katikati?

fundi_waya
Chomoa waya, inua eleveta kwa mkono, achia. Isipoanguka kwa uzito wake, bawaba ni ngumu au gundi imeingia, ndiyo maana sevo inahangaika.