Hilux au D-Max ya kubebea mwani, Pemba?

Swali: Assalaam alaykum. Natafuta pikapu ya dizeli iliyotumika, ya kubeba mwani Micheweni hadi Wete. Hilux yenye injini ya 2KD ya lita 2.5 au Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya lita 3.0?

Jibu: Waalaykumu salaam. D-Max. 4JJ1 ina cheni ya taimingi (inayooanisha mwendo wa vali na pistoni). 2KD hutumia mkanda badala ya cheni, nao hubadilishwa kila kilomita 150,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali na injini huharibika.

Jibu: Sawa, lakini kwa mwani tazama chesisi (fremu ya chuma chini ya gari) kwanza. Maji ya chumvi huingia ndani yake yakakaa. Lala chini na nyundo ndogo, gonga karibu na mashikio ya springi za nyuma. Sauti ikiwa butu, kutu imeshakula. Iache hata kwa bei ya bure.

Jibu: Tena tandika turubai chini ya mwani, na kila jioni mwagia uvungu maji yasiyo na chumvi.